Nilikuwa natazama ramani tu, tena kwenye taa nyekundu

SWALI: Wakili, habari za kazi. Wiki iliyopita askari wa barabarani alinikuta nimesimama kwenye taa nyekundu, simu iko mkononi. Sikuwa nazungumza na mtu wala kuandika ujumbe. Nilikuwa natazama ramani nijue nikate kona wapi. Isitoshe, gari langu hujizima injini lenyewe likisimama, kwa hiyo hata injini haikuwa ikinguruma. Ameniandikia kosa la kutumia simu nikiendesha. Naona nimeonewa. Niende mahakamani? Na siku nyingine nikiweka spika, simu ikae mapajani, nitakuwa salama?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hukuniambia uko nchi gani, na jibu la mwisho limo katika kifungu ulichoandikiwa. Lakini hoja zako mbili nazifahamu vizuri, kwa sababu zote mbili zimewahi kushinda mahakamani. Balaa lake ni hilo hilo: ziliposhinda, watunga sheria waliona tundu, wakaliziba.

Tuanze na ramani. Sheria hizi zilipoanza, simu ilikuwa chombo cha kupigia. New York, jimbo la kwanza Marekani kukataza kushika simu ukiendesha, lilipitisha sheria yake 2001. Katazo la Uingereza lilianza Desemba 2003. Aliyekusudiwa ni yule dereva aliyebana simu sikioni, na maneno ya sheria yakafuata picha hiyo. Miaka ikapita, simu ikawa ramani, kamera na redio, maneno yakabaki vile vile.

Mwaka 2012, dereva mmoja wa California alikwama kwenye foleni, akashika simu kutafuta njia ya kuikwepa. Akapigwa faini. Alikata rufaa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikamwachia: sheria ya wakati ule, ikasema, ilihusu kusikiliza na kuzungumza, haikuhusu kutazama ramani. Uingereza nako, mwaka 2019, Mahakama Kuu ilikubaliana na dereva aliyepiga video ya ajali kwa simu huku akipita, kwa kuwa kifungu kililenga mawasiliano na yeye hakuwa akiwasiliana na yeyote. (Majaji walionya kwamba hawajampa mtu ruhusa ya kurekodi akiendesha, maana kosa la uendeshaji wa hatari bado lipo. Onyo hilo watu hulisahau wanapoisimulia kesi hii.)

Kilichofuata ndicho kinachokuhusu. Kuanzia Januari 2017 California inataka simu iwe kwenye kishikio kilichofungwa garini, na dereva aiguse au kuipapasa mara moja tu. Mwaka 2025 mahakama ya huko huko ikasema wazi kwamba kushika simu na kuitazama ramani, hata bila kugusa kioo, ni kosa. Uingereza ilibadilisha kanuni zake Machi 2022: sasa kupiga picha, kuchagua wimbo, hata kuwasha kioo uone saa, yote ni matumizi. Adhabu ya kawaida ni faini ya pauni 200 na alama sita kwenye leseni. Kwa hiyo usishike hoja ya "sikuwa naongea" mpaka umesoma kifungu chako. Kikitaja mazungumzo au mawasiliano peke yake, una pa kusimamia. Kikitaja kushika, huna.

Hoja ya injini nayo ina historia yake. Mwaka 2014 mahakama ya Hamm, Ujerumani, ilimwachia dereva mwenye gari kama lako, ikisema injini iliyozimwa na gari lenyewe ni injini iliyozimwa. Kanuni zilipoandikwa upya 2017, zikaongezwa maneno kwamba injini kujizima hakuhesabiki kuwa kuzima. Kanuni za Uingereza hazikuachii upenyo huo: ukiwa kwenye taa au foleni bado unaendesha. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 mahakama yao ya juu ilimtia hatiani dereva aliyekuwa ameegesha pembeni, taa za dharura zinawaka, kwa sababu alikuwa bado kwenye njia ya magari na gari halikuwa limeharibika. Nakiri hukumu hiyo huwa inanikereketa, lakini hoja yao inaeleweka: taa ikigeuka kijani, dereva mwenye macho kwenye simu ndiye wa mwisho kujua kwamba mtu anavuka mbele yake.

Spika? Simu ikiwa mkononi, kuweka spika hakubadilishi kitu. Mapajani si kishikio, na ikiteleza utaidaka tu, mkono hauna subira. Penye sheria inayodai kishikio, hapo umeshaanguka. Hata ikifungwa vizuri, askari anaweza kukuandikia kosa la kutolimudu gari akikuona umezama kwenye mazungumzo. Utafiti wa Kanada wa 1997 ulikuta hatari ya kugongana ikizidi takribani mara nne dereva anapokuwa kwenye simu, wala haukuona kwamba simu zisizoshikwa mkononi zina nafuu.

Sasa mahakamani. Kwa maelezo yako, umeshakiri mambo mawili ambayo upande wa mashtaka ungehangaika kuyathibitisha: kwamba kilikuwa simu, na kwamba kilikuwa mkononi mwako. Ningekushauri upinge kama kifungu ni cha mtindo wa zamani, au kama ulikuwa unapiga namba ya dharura, ambayo sheria nyingi huiachia nafasi. Vinginevyo uliza kama adhabu inaweza kupunguzwa. Na usisumbuke kuchapisha orodha ya simu ulizopiga siku ile. Itaonyesha hukuzungumza na mtu, jambo ambalo askari hakulibishia tangu mwanzo.