Usiruke Kurasa Zisizo na Maneno

Ukiniomba nikuazime kitabu kimoja tu cha hadithi za picha za mapenzi ya vijana, nitakupa pamoja na sharti: usikisome kwa haraka. Hadithi hizi za wavulana wawili au wasichana wawili wanaopendana wakiwa bado wanavaa sare za shule nimezisoma tangu nami nikiwa sekondari. Nimewaazima wadogo zangu, binamu na marafiki wengi, na lalamiko ninalolisikia zaidi ni moja: "Nimemaliza juzuu nzima na hakuna kilichotokea." Kilichotokea kimo kwenye picha.

Chukua Heartstopper ya Alice Oseman. Charlie na Nick ni wanafunzi wa shule ya wavulana huko Uingereza, wakapangiwa kukaa pamoja darasani asubuhi. Mwanzoni wanasalimiana kwa neno moja tu, leo, kesho na siku zinazofuata. Mwenye pupa ataona salamu ileile inajirudia na kufungua ukurasa. Ila ukitua kwenye zile nyuso, utaona Nick, yule mchezaji wa raga anayependwa na kila mtu, ameanza kuingoja hiyo salamu. Oseman huacha visanduku vingi bila kiputo cha maneno hata kimoja. Majani yanapeperuka, mmoja anamtazama mwenzake, basi. Kwangu mimi hapo ndipo hadithi yote ilipo. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye hajui kinachompata hana maneno ya kukieleza, na mchoraji mwaminifu hamtilii maneno mdomoni.

Kwa hiyo nakushauri usome mara mbili. Mara ya kwanza fuata mazungumzo, ujue nani ni nani. Mara ya pili yaache mazungumzo, fuata mikono: nani ananyoosha, nani anarudisha, nani anauficha mfukoni. Nikiwa na manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, mwendo huu hunisaidia maradufu, kwa sababu jicho lililozoea kushoto hukimbilia maneno na kuiacha picha.

Bloom Into You ya Nakatani Nio ndiyo iliyonifundisha hivyo. Yuu amesikiliza nyimbo za mapenzi, amesoma manga za mapenzi, akangoja moyo wake uruke kama alivyoahidiwa. Haukuruka. Mvulana alimtamkia kwamba anampenda, naye hakuhisi kitu. Kisha Touko, msichana aliyemtangulia shuleni, anamwambia vivyo hivyo, na bado Yuu hahisi kitu. Wanapofika kwenye kivuko cha reli, treni inapita na Touko anambusu. Nakatani hakutuchorea fataki. Yuu yuko palepale, anajichunguza. Ni hadithi ya mapenzi iliyo tayari kumsubiri mtu mpaka ajielewe, na sijakutana na nyingi zenye subira hiyo. Ikiwa wewe pia hujui bado unampenda nani, au kama unapenda kwa namna wanayopenda wengine, anzia hii.

Mwisho wake nitauharibu kidogo kwa makusudi: Yuu na Touko wanafika chuo kikuu wakiwa bado pamoja. Nasema mapema kwa sababu watu wamezoea kujikinga na miisho ya huzuni. Katika hadithi za Yoshiya Nobuko, zilizoanza kuchapishwa Japani mwaka 1916, wasichana walipendana kwa maneno mazuri mno, lakini mara nyingi waliishia kutengana, kuozwa au kufa. Manga ya Hagio Moto ya mwaka 1974, The Heart of Thomas, iliyowekwa katika shule ya bweni ya Ujerumani, inafunguka kwa kifo cha mvulana. Uingereza nako, kuanzia 1988 hadi 2003, kifungu cha sheria kilichoitwa Kifungu cha 28 kilizikataza serikali za mitaa kile walichokiita kukuza mapenzi ya jinsia moja, na walimu wengi wakaogopa hata kulitaja jambo lenyewe darasani. Oseman, aliyezaliwa 1994, alikuwa shule ya msingi kifungu kile kilipofutwa. Basi mtu akikuambia hadithi hizi ni tamu kupita kiasi, usimkubalie upesi. Utamu huu umepiganiwa. Sisi tuliopanga foleni Nairobi Septemba 2018, mahakama iliporuhusu filamu ya Kenya ya Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, iliyokuwa imepigwa marufuku, ionyeshwe kwa siku 7, tunajua watu wanavyoweza kuwa na kiu ya kuwaona wasichana wawili wakitabasamu tu.

Jambo jingine ninaloangalia kabla ya kumpa kijana kitabu ni watu wazima waliomo. Katika Bloom Into You yumo Miyako, mwenye mkahawa, ambaye mpenzi wake ni mwalimu wa kike wa shule ileile. Sayaka, anayempenda Touko kimyakimya, anapata kwa Miyako mtu wa kuongea naye bila kuhukumiwa. Our Dreams at Dusk ya Kamatani Yuhki, juzuu 4 zilizowekwa katika mji wa pwani wenye vilima wa Onomichi, Japani, ina mzee Tchaiko na mpenzi wake aliye hospitalini. Kijana anayewasoma hao anaona kwamba maisha yanaendelea baada ya shule, kuna kazi, kuna nyumba, kuna kuzeeka na mtu. Mimi kitabu kisicho na mtu mzima hata mmoja mwema hukiweka kando.

Lakini hiyo ya Kamatani usimpe mtu aliyekata tamaa kisha ukaondoka. Inaanza na Tasuku, mvulana ambaye siri yake imegunduliwa na wenzake darasani, akiwaza kujiua. Someni pamoja, au ngoja. Hata Heartstopper, pamoja na upole wake, inaingia kwenye ugonjwa wa Charlie wa kula, hasa juzuu ya nne. Mwambie unayemwazima kabla hajafika huko.

Rafu za manga zina mengi ya watu wazima yaliyofungwa kwa majalada ya rangi za peremende, kwa hiyo tazama umri ulioandikwa nyuma. Na ukikuta hadithi ambayo mmoja anamlazimisha mwenzake kisha inaitwa mapenzi, ifunge. Zipo, hasa za zamani, na hata zikisifiwa namna gani siziazimi.

Kama simu yako hushikwa na watu wengi nyumbani na hujui watalipokeaje jambo hili, soma bila kupakua, futa historia ya kivinjari, na usimwambie mtu kwa sababu tu Nick alimwambia mama yake na mama akamkumbatia. Mama wa Nick ni wa Nick. Chagua mtu wako, na chagua wakati wako.

Heartstopper inasomwa bure mtandaoni, Oseman mwenyewe ndiye anayeiweka. Anza nayo juzuu mbili za kwanza, uende kwa Nakatani mpaka mwisho, halafu Kamatani ukiwa na rafiki karibu.