Tangu vita viingie Goma nyimbo za sifa zinanichoma. Je, nimemwacha Mungu?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa Goma, mashariki mwa Kongo. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, rumba tulizozipenda na mume wangu siziwezi tena. Nyimbo za sifa za kwaya yetu nazo zinanichoma. Natafuta zile za matanga tu. Mwanangu wa miaka 17 usiku anasikiliza nyimbo za vita kwenye simu. Je, nimemwacha Mungu?

JIBU: Bwana asifiwe sana, mama. Hujamwacha.

Watu wa Yuda walipokuwa mateka Babeli, waliowateka waliwataka waimbe nyimbo za furaha za Sayuni. Mateka hao wakatundika vinubi vyao mitini, wakauliza: "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?" (Zaburi 137:4). Wewe hukuhamishwa, lakini mtu anaweza kuwa mgeni hata katika mtaa aliozaliwa. Tena swali lao lenyewe likawa wimbo, na Mungu akalikubali liwemo katika Zaburi. Soma pia Zaburi ya 88: inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haimalizi kwa sifa hata kidogo. Na Mithali 25:20 yasema kumwimbia mwenye moyo wa huzuni ni kama kuvua nguo wakati wa baridi. Basi mwambie kiongozi wa kwaya yenu, kwa upole, kwamba kanisani wapo waliozika, na wao pia wanahitaji wimbo wao.

Rumba iache ipumzike. Kuisikiliza hakukuwa dhambi (najua wachungaji wenzangu wengine hawakubali), na kuikosa hamu leo si utakatifu. Ni msiba.

Kinachonihangaisha mimi ni simu ya mwanao. Zaburi hiyo hiyo ya 137 inaishia kwa kutamani watoto wachanga wa Babeli wapigwe mwambani. Maneno hayo yananitetemesha kila ninapoyasoma. Lakini walioumizwa waliyapeleka kwa Mungu, hawakumpa kijana mwenye panga. Na wanawake wa Israeli walipoimba kwamba Sauli ameua elfu zake na Daudi elfu kumi zake, ulikuwa wimbo wa ushindi tu, wenye ngoma na shangwe. Tangu siku ile Sauli akamwonea Daudi wivu, na kesho yake akamtupia mkuki (1 Samweli 18).

Wala msiende mbali hivyo. Ng'ambo tu ya mpaka wenu, Rwanda, mwaka 1994, redio ya chuki RTLM ilipiga nyimbo za mwanamuziki Simon Bikindi huku watu wakichinjwa. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha, iliyohukumu mauaji hayo ya Rwanda, ilimfunga miaka 15, kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani huko Gisenyi. Waliomsikia walikwisha kuzoea sauti yake kwa raha ya muziki.

Usimnyang'anye mwanao simu; atajificha tu. Mchana, mkiwa wawili, mwambie: "Nipigie ule wimbo wako." Usikilize mpaka mwisho, kisha muulize anamlilia nani. Huenda kuna rafiki yake aliyekufa ambaye wewe humjui. Akikutajia jina, mwimbieni mtu huyo pamoja, kwa zile nyimbo zako za matanga.