Barua kwa Mwanangu Kuhusu Milima ya Mwezi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Ijumaa, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unaniuliza kama kweli mlima wetu, Rwenzori, hapa mpakani mwa Uganda na Kongo, ndio Milima ya Mwezi ambayo Ptolemy, mwanajiografia wa Kiyunani wa kale, aliiandika kuwa chanzo cha Nile, kwa sababu mhadhiri wenu amewaambia kwamba Milima ya Mwezi ni ya kubuni tu, sawa na Milima ya Kong ya Afrika Magharibi. Unasema uliona aibu, kwa kuwa tangu utotoni nilikuwa nikikuamsha alfajiri, kabla mawingu hayajafunga, nikikuonyesha vilele na kukuambia kwamba Wayunani walivijua.

Kuhusu Kong mhadhiri wenu yuko sahihi. James Rennell aliichora mwaka 1798, ikakatiza Afrika Magharibi kama ukuta, na wachora ramani wakaendelea kunakiliana kwa karibu miaka 90, mpaka Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 asikute ukuta wowote. Ramani nyingi za wakati ule ziliiunganisha Kong na Milima ya Mwezi, kwa hiyo ninaelewa kwa nini zote mbili hutiwa katika kapu moja. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa kwenye mteremko wa Kong. Mlima huitwa na anayelala chini yake, si na aliyeuona mara moja. Neno hilo umelisikia kwangu tangu ulipokuwa na miaka mitano, na sijaona sababu ya kuliacha.

Stanley, msafiri Mzungu, aliiona theluji yetu mwaka 1888. Mwaka 1906 akaja Luigi, Mtawala (Duke) wa Abruzzi kutoka Italia, akapanda, na milima sita ya safu yetu ikapewa majina: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ambalo ni lake mwenyewe. Kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa kwao. Wakati huo wote theluji ilikuwa na jina lake, nzururu, na mlima ulikuwa na mwenyewe, Kitasamba, ambaye wazee wetu hawakupanda bila kumtaja. Isaya Mukirane, kiongozi wa Wakonzo wetu, na wenzake walipotangaza serikali yao tarehe 30 Juni 1962 ili kujitenga na ufalme wa Toro, hawakuiita kwa jina la mgeni yeyote wala la mwezi. Waliiita Rwenzururu, nchi ya theluji, na babu yako, kama ujuavyo, aliwafuata huko juu.

Sasa nitakueleza jambo ambalo hukuniuliza. Mwaka 1987 nilikuwa nikifundisha jiografia kidato cha pili, nikatoa jaribio lenye swali moja la kueleza kwa nini kuna theluji karibu na ikweta. Mvulana mmoja, mtoto wa huku kwetu milimani, aliandika mistari miwili kuhusu kimo na baridi, kisha akajaza ukurasa mzima, kwa wino wa buluu na mwandiko mdogo uliosimama wima, akisimulia habari za nzururu na Kitasamba kama alivyozisikia kwa nyanya yake. Mistari miwili niliipa alama zake. Ukurasa niliukata kwa kalamu nyekundu kutoka pembe hadi pembe, nikaandika pembeni kwamba hadithi haina alama. Nilipomrudishia daftari hakubisha. Alichukua rula, akaibana kwenye ukingo wa karatasi, akauchana ukurasa ule polepole ukatoka bila kukwaruzika, akaukunja mara nne na kuutia katika mfuko wa shati. Kisha akaniletea daftari mezani, likiwa limepungua ukurasa mmoja.

Nimejitetea mara nyingi. Mtihani wa taifa haukuwa na alama za Kitasamba, na mwalimu asiyewaandaa watoto kwa mtihani huwadhulumu. Tena ni kweli kwamba theluji huletwa na kimo. Lakini mimi, mwana wa mtu aliyelala mapangoni kwa ajili ya jina hilo, niliwakaririsha watoto majina sita ya wageni kwa miaka mingi, na aliyeniletea la kwetu nikampiga wino. Leo vilele vya Emin, Gessi na Luigi di Savoia havina barafu hata kidogo, na iliyobaki kwingine inapungua mwaka hadi mwaka, hata naogopa kwamba wajukuu zangu watalitamka jina la Rwenzururu wakitazama mwamba mtupu.

Narudi kwa Ptolemy, maana najua utanidai. Yeye alizipata habari za maziwa ya Nile kupitia kwa mfanyabiashara aitwaye Diogenes, ambaye akitoka India alisukumwa na upepo hadi karibu na Rhapta, kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Kitabu chake kinasema theluji ya Milima ya Mwezi huingia katika maziwa yanayozaa Nile. Maji ya mlima wetu hufanya hivyo hasa: ya upande huu hushuka Ziwa George, yakapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, kisha Semliki, Ziwa Albert, na Nile yenyewe. Hata hivyo, wapo wanaosema kifungu kile kiliongezwa baadaye na mkono mwingine, wapo wanaoelekeza kidole Kilimanjaro, na wapo wanaodhani jina la mwezi lilitoka Unyamwezi. Moyo wangu unasema ni mlima wetu. Ningetamani sana kukuandikia hivyo na kutia sahihi, lakini moyo si ushahidi, na siwezi kujipa alama nilizomnyima mtoto wa watu.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima, huwaongoza wapandaji. Juzi nilimwona kwenye kituo cha magari akifunga mizigo ya wageni, nikamsalimu tu, nikapita. Ukija Desemba tutakwenda kwake pamoja, kwa maana peke yangu nimeshindwa. Nataka kumwuliza kama ile karatasi bado anayo.

Baba yako