Mionzi ipi kwa saratani ya ngozi puani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana umri wa miaka 79. Ana kidonda kisichopona ubavuni mwa pua, nacho kilipokatwa kipande na kupimwa ilibainika kuwa ni saratani ya seli za basali. Upasuaji ungelazimu pua iundwe upya, naye ameukataa, kwa hiyo tumeshauriwa tiba ya mionzi. Hospitali ya kwanza ina mashine ya zamani ya eksirei za juujuu, ya pili hutumia elektroni, na ndugu yetu anasisitiza tusubiri brakitherapi, yaani tiba ya kuweka chanzo cha mionzi karibu kabisa na uvimbe, kwa kuwa ndiyo ya kisasa. Tufuate lipi?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ukongwe wa mashine usikutie hofu. Kinachoamua ni unene wa uvimbe na umbo la mahali ulipoota.

Eksirei za juujuu, ambazo huzalishwa kwa takriban kilovolti 50 hadi 150, huweka kipimo kikubwa kabisa cha mionzi kwenye uso wa ngozi, kisha hufifia haraka kadiri zinavyoingia ndani. Kwa uvimbe usiozidi milimita 5 kwenda chini, hicho ndicho tunachokitafuta. Zaidi ya hayo, eneo la tiba huzungushiwa bamba la madini ya risasi lililotobolewa kwa kufuata umbo la kidonda, hivyo mpaka wa mionzi hukatika vizuri na ngozi nzima iliyo jirani husalimika, jambo lenye thamani kubwa pale jicho linapokuwa karibu.

Elektroni hutoka katika mashine kubwa zinazotibu pia saratani nyingine, na kina chake huweza kuchaguliwa kwa kubadili nguvu. Hata hivyo, zile zenye nguvu ndogo haziufikishii uso wa ngozi kipimo kamili, ndiyo maana huwekwa juu yake tabaka laini liitwalo bolasi. Tena kingo zake hutawanyika, hasa eneo likiwa dogo, na mtaalamu hulazimika kupanua mpaka wa tiba. Kwenye ngozi pana iliyo tambarare, kama ya mgongoni, kasoro hizo si kitu. Puani, penye mabonde na miinuko, zinahitaji uangalifu mkubwa.

Katika brakitherapi, chanzo cha mionzi, mara nyingi iridiamu-192, hupitishwa kwa dakika chache ndani ya kifaa kilichofinyangwa kikashika umbo la pua lenyewe. Ndugu yenu basi hajakosea kuisifu. Lakini kifaa cha kuwekwa juu ya ngozi nacho hufaa uvimbe mwembamba tu. Ukizidi hapo, mirija myembamba hupitishwa ndani ya nyama. Na ikiwa saratani imeingia mfupani au inafuata njia ya neva, njia zote tatu huwa hazitoshi, bali huhitajika fotoni za megavolti, yaani eksirei zenye nguvu kubwa zaidi zipenyazo ndani, zilizopangwa kwa picha za CT, ambazo huuonyesha mwili vipande kwa vipande.

Liko jambo ambalo baba anastahili kuelezwa kabla hajakataa upasuaji moja kwa moja. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha wagonjwa 347 wenye saratani hii usoni, ulionyesha kwamba baada ya miaka 4 tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 0.7 ya waliopasuliwa na asilimia 7.5 ya waliopewa mionzi. Wengi katika kundi la mionzi walitibiwa kwa brakitherapi, kwa hiyo jina la mbinu peke yake si kinga. Kwa umri wake, bado naona mionzi ni chaguo la heshima, mradi alichague akiwa anajua hayo.

Rudini hospitali ya kwanza, mwulize unene wa uvimbe ni milimita ngapi na umepimwaje. Ukiwa chini ya milimita 5, mimi ningekubali mashine yao bila kusita, wala nisingesubiri miezi kwa ajili ya brakitherapi. Ukizidi, linganisheni elektroni na brakitherapi ya mirija. Ulizeni pia idadi ya safari, kwa sababu ratiba za mionzi hutofautiana kuanzia vipindi visivyofika 10 hadi zaidi ya 30, na mzee wa miaka 79 anaweza kushindwa kuimaliza ratiba ndefu iliyopangwa bila kumfikiria.