Kabla hujanunua seti ya roboti, uliza habari za betri

Mama yangu aliposikia natafuta "kiti cha roboti" kwa ajili ya watoto, aliuliza kinakaliwa na watu wangapi. Tangu siku hiyo nasema seti. Nafundisha fizikia hapa Moshi, na kila Jumamosi asubuhi watoto sita au saba wa sekondari hukusanyika barazani kwangu, Pasua, kuunda vigari vinavyojiendesha. Tumeshapitia seti tatu. Ya kwanza niliinunua kwa kupenda boksi.

Boksi lenyewe lilitamba: sensa, yaani vihisi, kumi na tano! Zilikuwemo kweli. Ya unyevu wa udongo, ya sauti, ya mwali wa moto. Nyingi hadi leo hazijatoka kwenye vifuko vyake. Nilichopaswa kukitazama ni kile kibetri cha mstatili cha volti 9 kilichokuwa pembeni.

Tulipokiinua kigari mkononi, magurudumu yalizunguka vizuri na watoto wakapiga makofi. Tukakiweka sakafuni: kikashtuka, taa ikazimika, ikawaka, kikashtuka tena. "Madam, programu ina kosa," akasema binti wa kidato cha pili, nami nikamwamini. Tukaisoma programu mstari kwa mstari mpaka saa nane mchana, na ugali ukapoa.

Jumatatu nikampelekea fundi redio karibu na soko la Mbuyuni. Aliweka mita kwenye betri, akasoma tisa, akaniambia niwashe. Mota zilipoanza kuvuta, namba ikaporomoka chini ya tano. "Mwalimu," akacheka, "hapa umemfunga mbuzi plau."

Kibetri kile kina volti nyingi lakini hakiwezi kutoa mkondo mkubwa. Ni kama mfereji unaoshuka kutoka juu kabisa mlimani, ila umejaa majani: kimo kipo, maji ya kumwagilia mgomba hayapo. Mota zikidai mkondo, volti zinaanguka, na ubao wenye ubongo, ile kompyuta ndogo inayokiongoza kigari, unazimika na kuanza upya. Programu haikuwa na kosa lolote. Nilimwomba radhi yule binti kwa kumpotezea Jumamosi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji siku hizi ni betri, na la pili ni ubao wa kuendeshea mota. Mota haziungwi moja kwa moja kwenye ubongo. Pini moja ya Arduino Uno, ubongo unaotumika kwenye seti nyingi, ni ya kutoa mkondo wa miliampia 20 hivi, na mota ndogo ya njano inataka mara kadhaa ya hapo. Katikati yake seti nyingi za bei nafuu zinaweka ubao mwekundu wenye chipu ya L298N. Ni ubao mvumilivu, ila unatoza ushuru: unakula kama volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Sasa piga hesabu. Betri nne za kuchaji za volti 1.2 zinakupa 4.8, toa 2, mota inabaki na 2.8. Kigari kinatambaa kama kinyonga. Mimi nimehamia betri mbili za lithiamu aina ya 18650, zinazotoa volti 7.4 zikiunganishwa mfululizo, nazo nazichaji mimi mwenyewe mchana nikiwa macho. Usiwape watoto zile zilizochomolewa kwenye laptopu mbovu, hata kama fundi anakuuzia kwa bei ya karanga. Na waya hasi wa betri za mota uungane na hasi ya ubongo, la sivyo amri hazitaeleweka upande wa pili.

Ubongo wenyewe, chagua wenye muundo ulio wazi. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro yake ni ya wazi, ndiyo maana nakala zake zinapatikana mpaka Kariakoo. Tafuta ule ambao chipu yake ndefu imechomekwa kwenye soketi. Ikiungua, unaing'oa na kuweka nyingine. Mindstorms, seti ya roboti ya LEGO iliyoanza mwaka 1998, ilikuwa nzuri sana, lakini uzalishaji wake ulisitishwa mwaka 2022, na ubongo wake ukifa hapa Moshi hakuna wa kumfufua. Nakala nyingi za Arduino zinahitaji programu ndogo ya chipu ya CH340 ili kompyuta izitambue, basi ipakue kabla watoto hawajafika.

Sensa mbili zinatosha kwa muhula mzima. Ya kwanza ni ile yenye macho mawili, HC-SR04, inayopima umbali wa kuanzia sentimita 2 hadi mita 4 kwa mwangwi. Watoto walisahau kugawanya kwa mbili, kwamba sauti inaenda na kurudi, na kigari kikawa kinadhani ukuta uko mbali, kinausogelea mno kabla ya kusimama kama kinataka kuubusu. Walipopima kwa rula wakagundua wenyewe. Halafu kikagonga kanga niliyokuwa nimeianika. Ukuta kinauona, kanga hakiioni, maana kitambaa laini kinameza sauti. Somo la mwangwi nililokuwa nalifundisha ubaoni miaka yote lilieleweka pale.

Ya pili ni ya kufuata mstari, inayotumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Manila nyeupe na utepe mweusi wa mafundi umeme vinatosha kuwa barabara. Ila msifanyie juani. Jua nalo lina infraredi, na kigari chetu kiliishiwa akili saa sita barazani. Tukahamia sebuleni, kikafuata mstari mpaka chini ya kochi.

Skrubu na nati ziwekeni kwenye trei ya mayai, kila aina na kishimo chake. Na zile sahani za plastiki zinazobeba mota zimebandikwa karatasi ya kahawia. Watoto wangu walidhani ndiyo rangi yake, wakafunga kila kitu juu yake. Ibanduliwe kwanza kwa ukucha.

Seti ya tatu ilikuja kwa basi kutoka Dar. Niliifungua palepale stendi, nikahesabu nati mbele ya mpakiaji mizigo. Magurudumu mawili, mota moja. Nikapiga simu kabla basi halijageuza.