Divai "yenye mwili kamili" ni Kiswahili?

SWALI: Ninahudumu katika mgahawa mmoja hapa Arusha. Tumeletewa menyu mpya, na chini ya Malbec ya Argentina pameandikwa: "Mvinyo nyekundu yenye mwili kamili, inakwenda vizuri na nyama." Wageni wanatuuliza mwili huo ni upi. Tuandikeje?

JIBU: Wageni wenu wana haki ya kuuliza, maana hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "full-bodied". Kwa Kiswahili kinywaji hakina mwili, kina uzito. Uji huwa mzito au mwepesi, mchuzi vilevile, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Mvinyo nao uwe mzito. Wapo wanaohofia kwamba neno hilo litaleta picha ya kitu kinachomiminika kwa shida, lakini sijaona mtu anayetarajia Malbec idondoke kama asali. Uzito hapa ni jinsi kinywaji kinavyojaza kinywa, na chanzo chake kikubwa ni kilevi, ambacho kwa Malbec za Mendoza, mkoa wa Argentina, aghalabu ni asilimia 13 au 14, pamoja na vile vinavyotoka kwenye maganda ya zabibu. Msiandike "mkali", maana hilo ni neno la gongo.

Neno ninalotamani kuliona kwenye menyu zetu ni ukakasi. Ukila bibo au ndizi mbichi, ulimi hukauka ukawa kama umekazwa. Hali hiyo huletwa na tanini, kemikali iliyomo kwenye mimea, na mvinyo mwekundu huipata kwenye maganda na mbegu za zabibu. Wanasiasa wameliteka neno hili, kila hoja siku hizi "ina ukakasi", lakini mahali pake pa kwanza ni kinywani. Msilichanganye na ganzi: meno hufa ganzi kwa uchachu, kama wa ukwaju au embe bichi.

Ukakasi huohuo ndio unaoamua chakula. Tanini hushikana na protini za mate, ndiyo maana ulimi hukauka. Ukiwa na nyama yenye mafuta mdomoni, tanini hupata kitu kingine cha kushika, mvinyo ukalainika, nao mvinyo ukakata mafuta ya nyama. Huko Argentina hunywewa na asado, nyama yao ya kuchoma kwa makaa, na kwetu mbavu za mbuzi au mishkaki ambayo mchomaji hakuipunguza mafuta itafaa vilevile. Vibua hapana, kwani samaki wa mafuta akikutana na mvinyo wa aina hii huacha ladha ya chuma. Pilipili nayo iwe ya kiasi, kwa sababu kilevi huongeza mwasho.

"Inakwenda vizuri na" inaeleweka, ila ni Kiswahili cha kukopa miguu. Tunacho kitenzi kushushia. Kama kwa mgahawa wenu kinasikika cha kijiweni mno, "hupatana na" inatosha.

Limebaki la sarufi. Mvinyo uko ngeli ya U-I, kwa hiyo ni mwekundu, si "nyekundu". Aliyeandika menyu alikuwa anafikiria divai, ambayo kweli ni nyekundu na nzito. Chagueni neno moja mlifuate hadi mwisho. Mimi ningeandika: "Mvinyo mwekundu, mzito, wenye ukakasi wa wastani, wa kushushia nyama choma."