Jibu: nafasi ya mtafiti mgeni kwa mawakili, nilivyoipata mimi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza wakili wa huku Zanzibar anaanzaje kuomba nafasi ya mtafiti mgeni ng'ambo, yaani kukaa kwa muda kwenye taasisi ya huko ukifanya utafiti wako, katika utawala wa sheria (kila mtu, hata serikali, kuwa chini ya sheria). Mimi niliomba mara mbili nikiwa Chake Chake. Ya kwanza nilikataliwa.

Andiko la mwanzo la kuombea liliitwa "Utawala wa Sheria Zanzibar": kurasa 12, Katiba ya 1984 yote mle, swali hakuna. Mara ya pili nilianza na jalada la kesi. Mama mmoja kutoka Micheweni alishinda madai ya masrufu (pesa za matunzo) ya watoto kwa Kadhi, mwaka ukapita hajapata hata shilingi. Kila akija kufuatilia, nauli inatoka kwenye pesa ya unga. Nilimuona akizihesabu sarafu mezani kwangu, kisha akazifunga tena kwenye pembe ya kanga. Swali likawa hilo: hukumu ya Kadhi inakaziwa vipi, yaani inatekelezwaje, na inakwama wapi? Jaji Tom Bingham wa Uingereza, katika kanuni zake 8 za utawala wa sheria, aliweka hii ya watu kumaliza migogoro yao bila ya gharama za kuwashinda wala ucheleweshaji wa kupita kiasi. Nikalishika hapo, kurasa 3 tu, jina la mama nikalificha. Nikakubaliwa miezi 3 London.

Usidharau mambo ya kwetu. Kwa Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar, mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi hayaendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, yanaishia Mahakama Kuu yetu. Kule walinikalisha saa nzima niwaeleze hilo tu.

Pesa: nafasi nyingi za namna hii ni meza, maktaba na watu wa kuisoma kazi yako. Posho mara nyingi hamna, na wengine wanatoza ada, kwa hivyo ufadhili uutafute pembeni mapema, na viza pia.

Mdhamini, yule wa kukuandikia barua ya kukupendekeza, awe mtu aliyekuona kazini. Mwalimu wangu wa chuo aliandika mistari 4. Hakimu niliyesimama mbele yake miaka mingi, kurasa 2.

Na nyaraka beba mwenyewe. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 nilikuwa nayo mkobani. Maktabani kule niliikuta ile ya zamani ya 1985 tu.

Ukishalipunguza andiko lako nitumie, nitalisoma baada ya isha.